Mahali Gurudumu Lisipopita

Jiwe la mwisho lilikataa kukaa.

"Linalia," alisema Kamanda. Alikuwa amesimama juu yake kwa mguu mmoja, akiyumba mbele na nyuma kama mtu anayejaribu kiti cha fundi kabla ya kukilipia. Ko, ko, likasema jiwe. "Mnasikia? Litoeni."

"Hilo halilii, Dada, linakohoa tu," alisema Betri. "Lipe siku mbili litapona."

"Litoe, Betri."

Betri akavuta pumzi ya mtu aliyeonewa, akaingiza mtaimbo chini ya jiwe. Jina hilo alipewa wiki ya kwanza, kwa sababu kila baada ya saa moja aliketi chini na kutangaza kwamba chaji imekwisha. Kamanda naye alipewa lake kwa sababu neno "tafadhali" halikuwa na makazi mdomoni mwake. Alikuwa binti wa miaka ishirini, mkubwa kuliko wenzake watano, na ofisi ya msitu ilikuwa imemwandika kiongozi wa kikosi. Wote sita walikuwa wamemaliza sekondari na walisubiri vyuo. Likizo yao ndefu waliimalizia hapa, kwenye Njia Namba Nne, na sururu mbili, mtaimbo mmoja, mafyekeo manne, na glavu jozi tatu ambazo waligawana mkono mmoja mmoja: wa kulia kwa anayechimba, wa kushoto kwa anayepokea mawe.

Njia hiyo ilitoka kitongoji cha juu, ikapita katikati ya msitu, ikashukia kwenye zahanati na soko. Kwenye kona ya tatu ardhi ilikuwa ya udongo wa mfinyanzi, na mteremko wake mkali. Mvua ikinyesha, pale paligeuka sabuni. Kila mwaka ofisi ilileta vijana wa likizo, na kila mwaka vijana hao waliambiwa wafyeke, basi walifyeka, wakaondoa hata majani ambayo mtu angeyashika akianguka.

Mwaka huu Kamanda aliwaambia wenzake kwamba kufyeka watafyeka, lakini kona ya tatu wataijengea ngazi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kitongoji kizima kilijua. Kaka yake alikuwa kwenye kikosi cha mwaka juzi. Alikuwa anashusha gogo begani, hapohapo kwenye kona, asubuhi moja baada ya mvua. Taarifa ya ofisi ilikuwa na mstari mmoja: alijikwaa kwa kutokuwa mwangalifu. Tangu siku ile mama yao akienda sokoni huzunguka barabara ya magari, saa moja na nusu badala ya dakika ishirini, na akirudi hasemi amepita wapi.

Ni kaka huyo aliyemfundisha kuweka jiwe, zamani, walipokuwa wakitengeneza mlango wa nyumbani. Jiwe lizikwe theluthi mbili. Liinamishwe mbele kidogo, maji yashuke yasikae. Kisha simama juu yake. Likilia, litoe uanze upya, hata mara kumi.

Hili walilianza upya mara nne. Mara ya tano Kamanda akapanda, akayumba, na jiwe halikusema kitu.

"Arobaini na moja!" akapiga kelele Redio, msichana ambaye hakuwahi kunyamaza hata akitafuna. "Mabibi na mabwana, ngazi arobaini na moja! Tumpigie makofi Betri, ambaye leo amezimika mara tatu tu!"

Hawakumaliza kucheka, wakasikia mlio unapanda kutoka chini. Tik. Tik. Tik.

"Bwana Gurudumu huyo," alisema Betri, akasimama haraka kama mtu mwenye nguvu.

Ilikuwa siku ya ukaguzi. Mkaguzi alikuwa mtu mzima mwenye viatu vya ofisini na shati la mikono mirefu, na mbele yake alisukuma gurudumu la kupimia, lile lenye mpini mrefu na kidude cha namba kinachoruka kila mita. Makao makuu yaliyanunua magurudumu hayo baada ya kugundua kwamba wakaguzi walikuwa wakiandika mita kwa kukisia, wengine wakiwa nyumbani wamelala. Sasa kila kikosi kilitakiwa kufikisha mita mia sita zilizopimwa. Zikitimia, kila kijana hupata barua ya kukamilisha kazi. Zisipotimia, hakuna barua hata moja. Na bila barua, chuo hakikupokei. Chuo cha misitu, ambako Kamanda alikuwa amepata nafasi, kingefunga kupokea karatasi kesho yake saa sita mchana. Mama yake alikwisha kuazima sanduku la bati kwa jirani, na kulisugua mpaka likang'aa.

Mkaguzi akafika chini ya ngazi. Gurudumu likagonga jiwe la kwanza, likaruka, likajipinda pembeni. Akalirudisha. Likaruka tena.

"Hapa kuna nini?" akauliza.

"Ngazi, Bwana Mkaguzi," alisema Kamanda.

"Naziona. Nauliza njia iko wapi."

Redio akaguna. Kamanda akamkata jicho.

"Ndiyo hii njia," alisema Kamanda. "Hapa ndipo watu wanapoteleza."

"Mwongozo unasema njia ni mahali panapopitika kwa gurudumu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma jina la dawa. "Gurudumu halipandi ngazi. Kwa hiyo hapa hapapimiki."

Akalibeba gurudumu begani, akapanda. Alipanda ngazi zote arobaini na moja bila kushika kitu, bila kuteleza, viatu vyake vya ofisini vikitua jiwe baada ya jiwe, na alipofika juu hakuwa hata anahema. Huko akalishusha gurudumu, akaendelea. Tik. Tik. Tik.

Kamanda akamfuata akikimbia. "Bwana Mkaguzi, samahani. Sasa hivi umepanda kwa kutumia nini?"

"Kwa miguu."

"Basi si panapitika?"

"Miguu haimo kwenye mwongozo, binti."

Aliporudi kutoka mwisho wa njia, kidude kilisoma mita mia tano thelathini na nane. Kikosi kizima kilisimama kikitazama namba hiyo kama watu wanaotazama basi lililowaacha.

"Mmepungukiwa na sitini na mbili," alisema mkaguzi.

"Sitini na mbili ni zile za kona!" alisema Betri. Sauti yake ilipasuka. "Wiki tatu tumebeba mawe kutoka mtoni, mzee! Bega langu limehamia upande wa pili!"

"Mngefyeka tu, mngemaliza mapema mkapumzika. Nani aliwatuma kujenga?"

Wote wakamtazama Kamanda. Hawakumtazama kwa ubaya, lakini walimtazama.

"Kwa hiyo hapa, kwenye vitabu vyenu, hapana njia," alisema Kamanda polepole.

"Kwa sasa, hapana."

"Kama hapa hapana njia, kaka yangu alifia wapi?"

Mkaguzi akatazama viatu vyake.

"Nakumbuka habari ile," alisema. "Pole sana, binti. Kweli nakupa pole. Lakini sina mahali pa kuandika pole kwenye fomu." Akafuta jasho. "Njooni ofisini saa nane. Tutaona."

Ofisi ilikuwa nyumba ya vyumba viwili kwenye geti la chini, na baraza ya saruji mbele. Walifika saa nane kasorobo. Mkaguzi alikuja saa tisa na nusu, ana makombo ya mkate kwenye ndevu. Muda huo wote Redio alikuwa amehesabu njia tatu za kumuua kwa gurudumu lake, na Betri alikuwa amelala ukutani mdomo wazi.

"Sikilizeni," alisema mkaguzi, akishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Mimi si mtu mbaya. Nina watoto wa umri wenu. Na mimi pia nina mtu ananipima." Akaliegemeza gurudumu kwenye nguzo ya baraza. "Kidude kinasoma mia tano thelathini na nane. Sijakirudisha kwenye sifuri. Mimi naingia ndani kutafuta fomu. Baraza hii ina urefu wa mita kumi na mbili. Nikitoka, nitasoma namba nitakayoikuta."

Akaingia, akafunga mlango.

Walitazamana. Kisha Redio akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. "Jamani! Yaani baraza ndiyo njia?"

"Baraza inapitika kwa gurudumu," alisema Betri. Kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze hakuhitaji chaji. Alilikamata gurudumu, akalisukuma mpaka mwisho wa baraza, akarudi, akaenda, wenzake wakihesabu kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Mara tano na kipande. Mia sita. Hapakuwa na jiwe lililobebwa wala jani lililofyekwa, na kazi ilikuwa imekamilika.

Kamanda hakuhesabu nao.

Mkaguzi akatoka, akasoma namba, akawaita ndani, akaandika bila kuinua macho. Barua sita zilikuwa tayari, zimegongwa mihuri, majina yao yamechapwa vizuri. Akazishika mkononi. Kwa mkono wa pili akamsogezea Kamanda fomu.

"Kiongozi wa kikosi anasaini hapa. Soma kwanza, usije ukasema nilikuficha."

Akasoma. Nathibitisha kuwa mita zote zilizotajwa hapo juu zimepimwa kwa gurudumu, na kwamba njia haina ngazi, shimo wala kizuizi chochote.

Akasoma tena. "Ngazi ni kizuizi?"

"Kwa gurudumu, ndiyo."

"Siwezi kusaini hii. Futa neno ngazi."

"Fomu imechapwa, haifutwi."

"Basi andika chini kwamba zipo. Kona ya tatu, ngazi arobaini na moja. Andika, mimi nitasaini mara kumi."

Mkaguzi akaweka kalamu mezani. Sasa alionekana amechoka kuliko wao. "Binti, nisikilize kama baba yako. Nikiandika zipo, karatasi inakwenda makao makuu. Kule wataona neno kizuizi. Kizuizi huondolewa. Wataleta kikosi kingine, na sururu, wazing'oe. Nimewahi kuona daraja la miti likifanywa hivyo. Ukisaini kwamba hazipo, hakuna atakayekuja. Zitakaa."

"Na mvua ikizilegeza, nani atazikarabati?"

"Kitu kisichokuwapo hakikarabatiwi."

"Na mtu akianguka tena?"

Mkaguzi alitazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imesimama, kisha ya mkononi.

"Dada," alisema Betri kwa sauti ndogo, nyuma yake. "Chuo changu nacho kinafunga kesho."

Redio hakusema kitu, na hilo lilimuuma Kamanda kuliko lolote ambalo angesema.

Alichukua kalamu. Mkono wake ulikuwa umezoea mtaimbo, kalamu ilikuwa kama unyoya. Aliandika jina lake lote, la kwake, la baba na la babu, majina ambayo yalikuwa pia ya kaka yake ukiondoa lile la kwanza. Mkaguzi akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke, akamkabidhi barua. Ilisema ameshiriki kwa uaminifu kutunza njia ya mita mia sita.

"Hongera," alisema mkaguzi, na alimaanisha.

Wenzake wanne waliishi upande wa sokoni, wakaagana hapo getini. Kamanda na Betri walipanda kurudi kitongojini. Manyunyu yalikuwa yameanza. Aliiviringisha barua ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka kifuani chini ya shati.

"Umenuna," alisema Betri.

"Sijanuna."

"Umenuna, Dada. Hata begani umenuna."

"Betri, tembea."

Walipofika kona ya tatu udongo wa pembeni ulikuwa tayari unang'aa. Kutoka juu alikuwa anashuka mama mmoja, mtoto mgongoni amefunikwa kitenge mpaka kichwani, anakohoa kikohozi kikavu. Mkono mmoja ulimshika mtoto, mwingine ulishika mwavuli uliovunjika mbavu. Hakuwa na mkono wa tatu wa kujishikia. Alishuka hivyohivyo, taratibu, jiwe baada ya jiwe, mpaka akakutana nao katikati. Akaona matope ya mfinyanzi kwenye suruali zao.

"Ni nyinyi wanangu mlioweka hizi ngazi?"

Betri akafungua mdomo. Kamanda akamtangulia, na sauti iliyomtoka ilikuwa kavu, haikufanana na yake.

"Ngazi zipi, mama?"

Mama akamtazama usoni, akatazama chini, akamtazama tena kama mtu anayepima homa ya mtoto kwa macho.

"Hizi ninazokanyaga," alisema. "Au wewe mwenzangu unaona nini hapa?"