Mtani Kwenye Hitima ya Ndui

...na eti hakuna aliyetupwa, ndivyo anavyosema, tena anasema amenyooka, kofia imemkaa sawa, Jumbe Isihaka mwenyewe, mbele ya watu wake na wageni waliotoka Nkowe na Nanganga kuja kula hitima, "katika ndui hii, ndugu zangu, tulikuwa kitu kimoja, hakuna aliyetupwa," na Mwamini, pale upenuni walikokaa wanawake, akaokota chuya kwenye ungo akaitupa nyuma bila kugeuka, hakuna aliyetupwa, haya, na Zaina je, mke wa mwanao Shaban, ambaye saa hii yuko ng'ambo ya kijito kibandani kwangu, mzima, anakula anashiba, na kila asubuhi ananiuliza lilelile, mama, leo wataniletea mtoto... huyo hakutupwa, labda alichomoka mwenyewe kama kuni kwenye mzigo, haya, endelea Jumbe, watu wanakusikiliza, na kweli walikuwa wanamsikiliza, wanatikisa vichwa, wanaume wamekaa mikekani bega kwa bega, wanapeana mikono, wanapokezana kata ya maji, watu walewale ambao juzi tu mtu akikohoa wanaruka kichakani, sasa ndui imepungua, sokoni Nkowe watu wamerudi, ngoma zimeanza kulia, na kila mtu amekuwa shujaa, hata Amiri, yule aliyejificha shambani na magunia yake ya mtama mpaka mkewe akasahau sauti yake, yuko pale anawasimulia wageni jinsi alivyouzuia ugonjwa usivuke, kwa dawa aliyozika njia panda, wewe Amiri wewe, ulizika nini zaidi ya kichwa chako. Mchele wenyewe mchafu, umekuja na mchanga wa bondeni kwao, na kazi ya kuuchagua kapewa yeye, kuchagua ruhusa, kusogelea chungu hapana, Bibi Sofia, mke wa Jumbe, alimwambia kwa upole, ule upole wake wa kumfukuza kuku ambaye hataki kumpiga, "wewe mtani kaa hapo upumzike, chagua chagua tu," maana mkono wa Mwamini umeshika maiti wengi, lakini mchele ukipita motoni unatakasika, ndiyo akili yao, mkono uleule waliouita mkono wa baraka wakati wa mvua, walipomfuata shambani wamesimama mbali, khanga mdomoni, "Mwamini, wewe uliugua utotoni, ndui imeshakuandika usoni, haikurudii tena, tusaidie," wakalia, na Sofia naye alilia, Mwamini anakumbuka vizuri, machozi yalimtoka mpaka kwenye kidevu, na yeye akaacha jembe palepale mferejini akavuka.

Vibanda vya wagonjwa walivijenga ng'ambo wakavikimbia kabla udongo haujakauka, akabaki yeye na watu waliooza wakiwa hai, akiwalaza juu ya majani ya mgomba maana mkeka ulikuwa unaondoka na ngozi, akiwanywesha uji kwa jani lililokunjwa, na waliokufa akawazika, yeye na Mohamedi aliyekuwa ameanza kupata nafuu, Mwalimu Mikidadi akiwasomea dua kutoka ukingo wa pili, maji katikati, na upepo ukivuma vibaya hata dua haifiki... "tuliwazika ndugu zetu kwa heshima," Jumbe anasema, nani aliyewazika, wewe ulikuwa wapi, ulisimama nyuma ya Mwalimu, na nyuma yako kulikuwa na njia ya kukimbilia. Akaokota kijiwe, akakitazama, akakitupa. Na mazishi gani yasiyo na mtani, ukoo wake na ukoo wa Jumbe ni watani tangu mababu, wakifiwa hawa yeye ndiye anayelala kaburini mpaka apewe kuku ndipo atoke, ndiye anayemwigiza marehemu anavyotembea, anavyokoroma, anavyonyima watu tumbaku, na wafiwa wanacheka na kulia kwa pamoja, wala hakuna ruhusa ya kumkasirikia, hiyo ndiyo kazi yake na aliipenda, alikuwa hodari, walimwita mpaka Matambarale, lakini kule ng'ambo, siku alipomzika kaka yake Jumbe, yule mzee wa kikohozi, alisimama ukingoni mwa kaburi akakohoa kama yeye, kile kikohozi chake cha kuitia chakula, maana alifikiri mzee asiondoke kama mbwa, akakohoa vizuri kabisa, akageuka kutazama nani kacheka, hapakuwa na mtu, Mohamedi alikuwa amekaa chini ameshika kichwa, akacheka mwenyewe, halafu kicheko kikageuka huko ndani, na tangu siku hiyo hajajua kilipokwenda. Wanawake wa pembeni wanaongea habari za chumvi kupanda bei, na vitambaa vipya vilivyoletwa Nachingwea, huko kwenye kambi za karanga ambako matrekta yanang'oa miti na vijana wote wanakimbilia mshahara, "Valentina wa misheni kanunua chenye maua mekundu," mmoja anasema, na mwingine anasema kuwa yeye alijua tangu mwanzo ndui itaisha mvua zikikatika, alijua, wote walijua, nchi nzima imejaa watu waliojua.

"...na waliopona wakarudi majumbani mwao, tukawapokea kwa mikono miwili..." hapo vidole vya Mwamini vikasimama juu ya mchele. Mikono miwili. Mohamedi ndiyo, Mohamedi alirudi uso umechimbika kama njia ya ng'ombe baada ya mvua, wakampigia vigelegele, wakamchinjia, mwanamume hapungukiwi kwa makovu, lakini Zaina alipopona, magamba yote yamedondoka, ameoga, nguo zimechomwa, na dresa Kipriani aliyekuja na baiskeli kuchanja watu akamtazama mbele na nyuma, akaja hapahapa kwa Jumbe akasema huyu ni mzima, hana cha kumwambukiza mtu, arudi kwake, na Jumbe akaitikia, tena akampa dresa kuku, basi Zaina akavuka kijito mbiombio anapangusa uso kwa upande wa khanga, akafika pale walipofunga njia kwa kamba ya magome na miiba, akamkuta mama mkwe wake amesimama upande wa pili, na Somoe, mtoto wake, mgongoni kwa bibi yake, amelala, Zaina akanyoosha mikono juu ya miiba na Sofia akarudi nyuma hatua moja, hatua moja tu, "ngoja kidogo mwanangu, mpaka watu watulie." Hiyo kidogo ina miezi sasa. Kamba imeshatolewa, mbuzi wanapita, mbwa wanapita, muuza samaki wakavu anapita na nzi wake, Zaina hapiti, na neno limebadilika, si kwamba ataambukiza, hapana, dresa kasema, bali uso ule utamtisha mtoto, "mtoto ataota ndoto mbaya jamani, mwoneeni huruma mtoto," ndivyo Sofia anavyosema kisimani, na wengine wanaitikia huku wanamwaga maji aliyoyagusa Zaina alipothubutu kuja siku moja na mtungi, na Shaban, dume zima, ambaye hata kijito hakuvuka kumjulia mkewe hali, anatafutiwa binti huko Matambarale. Na tangu lini huku kwetu mtoto akawa wa kwa baba yake, si mtoto anafuata tumbo lililomzaa, si mjomba wake ndiye mwenye neno, wamegeuka watu wa pwani kwa jambo hili moja tu, katika mengine yote bado Wamwera, na mjomba angesimama kweli, alikuwa mtu mkali, lakini ndui ilimwahi, na Mwamini ndiye aliyemfukia. Alimwona Zaina wiki zile za kwanza akikamua maziwa yake mchangani, nyuma ya kibanda, anakamua na kutazama yanavyonywewa na ardhi, na Mwamini, aliyeshika usaha na maiti bila kutetemeka, alishindwa kutazama hilo, akaenda kukata kuni ambazo hazikuhitajika.

"...na mtani wetu Mwamini, mnamjua, naye alisaidia saidia..." watu wakacheka, wakageuza nyuso kuelekea upenuni, na yeye akainua mkono kidogo kama inavyopasa, alisaidia saidia, kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi wakati mwenyewe anafunga mlango, sikiliza maneno, na damu ikampanda mpaka masikioni, lakini sawa, subirini, maana tangu alfajiri alikuwa na shauri lake moyoni, shauri tamu, alilipika usiku kucha. Mtani kwenye hitima huchukua apendacho, kuku, sufuria, kiti cha mwenye nyumba, wakati wa msiba wa mama yake Jumbe yeye alichukua viatu vya Jumbe mwenyewe akavivaa akacheza navyo mpaka wakampa mguu wa mbuzi, basi leo atamchukua Somoe, atambeba mgongoni kwa khanga, atacheza mbele ya wageni, atasema hitima hii nimelipwa mtoto, na watacheka, watapiga makofi, na yeye atacheza akielekea njiani, akielekea kijitoni, akivuka, na watakapoacha kucheka mtoto atakuwa mapajani kwa mama yake. Aliuona moyoni uso wa Zaina. Mara ngapi tangu alfajiri ameuona ule uso. Na mtoto huyo hapo, amekwisha jua kutembea bila mama yake kuona, amewaponyoka wale wasichana waliopewa kumtunza, anakuja anayumba, anachota mchele mbichi kwa kiganja na kutia mdomoni, "wee Somoe, utavimbiwa," sauti ya Sofia jikoni, lakini haji, mikono yake imo kwenye mbaazi, basi wakati si ndio huu, khanga iko begani, simama Mwamini, anza... na hapo likamjia jambo ambalo alilijua siku zote, akashangaa vipi alilisahau, kitu cha utani hukombolewa. Watakuja nyuma yake na kuku, wanacheka, Sofia mbele, "haya mtani, tumekuja kukomboa," na yeye kwa sheria ya babu zake atapokea kuku na kutoa mtoto, hakuna mtani anayekataa kukombolewa, na Zaina atanyang'anywa mara ya pili, safari hii kwa vigelegele, kuku mmoja tu.

Akachota mchele akauacha umwagike tena kwenye ungo, basi atawasema, atasimama atawasema hapohapo, mtani ana ruhusa... lakini si alishawasema, kamba ilipotolewa aliwaambia mbele ya watu, nyie ukoo gani, mbuzi mnamfungulia na mke mnamfungia, wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu, Jumbe alijipangusa machozi, akasema huyu Mwamini ana ulimi, wakaenda kula, ndiyo, alisema kweli tupu na wao wakaifanya kitoweo, na si siku hiyo tu, miaka yote, uchoyo wao amewaambia, uoga wao amewaambia, nao wanamlipa mguu wa mbuzi na kesho ni walewale, alijiona ana ruhusa ya kusema lolote kumbe ana ruhusa ya kuchekwa, na hasira iliyomshika sasa haikuwa kwa Jumbe peke yake, ilikuwa kwa nafsi yake iliyojivunia kuitwa mpaka Matambarale. Ipo njia moja. Mtu anaweza kuvua utani, aseme kwanza, hapa sina utani nanyi, halafu aseme linalofuata kwa uso mkavu, lakini hakumbuki kumwona mtani aliyefanya hivyo, maana ukishavua ni nani atakulinda, shamba lake amelima kwa idhini ya Jumbe, mtama umesimama haujavunwa, akiambiwa ahame kesho atakwenda wapi, akamshitakie Bwana Shauri, mzungu wa serikali, huko Nachingwea, yeye mwanamke mjane, kwa Kiswahili chake hiki cha kuokoteza sokoni... aliogopa, wala hakujidanganya kuwa haogopi, kuvuka kijito hakuogopa lakini hili aliliogopa, na watakuwa bado na lile neno lao zuri la huruma, mtoto atatishika, na atawajibu nini.

Somoe alikuwa amechoka na mchele, akashika goti la Mwamini akajivuta juu, akasimama mbele ya uso wake karibu kabisa, pumzi yake inanuka wanga, akaweka kidole kwenye shavu, kwenye kovu moja, akakizungusha humo, akahamia la pili, la tatu, taratibu, kama mtu anayepanda mbegu, halafu akacheka, akaweka kiganja kizima. Jamani. Uso gani huu, si wa ndui huu, tangu azaliwe mtoto huyu si ameuchezea uso huu, amelala juu yake, ameupiga makofi, na Sofia huyohuyo akiona na kucheka, ametishika lini, ni ndoto gani mbaya, aliota lini. Mtoto hana hofu. Wenye hofu ni wao, wakimwona Zaina anapita uani watakuwa wanaiona ile kamba kila siku, asubuhi na jioni, wataiona wakila, hawawezi, ndiyo maana wanataka hitima, wapate kula, wajifute mikono, yaishe, na asubuhi hii Mwamini alitaka kuwasaidia waicheke ili yaishe vizuri zaidi. Hasira yake ikatulia, haikuondoka, ilitulia kama maji mtungini, na hofu ilikuwapo vilevile, mtama ulikuwapo vilevile, akautazama moyoni umesimama na masuke yake, akauacha. Jumbe alikuwa bado anasema, amefika kwenye ushuru na usafi wa visima, kofia iko palepale, harufu ya mbaazi ikawafanya watu wajisogeze, na kabla ya sala ya mwisho akatabasamu akaelekeza fimbo upenuni, "lakini mbona mtani wetu leo kimya, Mwamini, umeumeza ulimi wako, simama utuchangamshe kidogo kabla ya chakula," na Sofia kutoka jikoni, "mtani, tutanie basi, wageni wakusikie." Akamkalisha Somoe vizuri kwenye mkono wa kushoto. Wanawake wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo, kama walivyozoea, wanaume wakapokea, kicheko kikaenda mpaka kwa wageni wa mwisho mkekani, naye, ungo magotini, akawangoja wamalize, lile neno la kuvua utani likiwa tayari ulimini.