Mita Mia Nne na Kumi na Mbili

Mtunza ghala alipoambiwa kwamba mjiolojia wa kampuni mpya angefika Jumatatu kukagua mawe, alikwenda uani akasimama kuitazama njia ya chooni.

Ghala lilikuwa na fimbo za mawe zilizotolewa ardhini na mashine ya kuchoronga, zimepangwa kwenye masanduku ya mbao kwa kufuata kina. Kampuni ya zamani ilichoronga shimo moja hadi mita mia nne na kumi na mbili, ikasema hamna kitu hata kabla ya kuyapima mawe ya mwisho, ikafungasha virago na kumwachia mzee huyu ufunguo. Miaka minane hakuna aliyekuja. Katikati ya miaka hiyo mkewe aliteleza kwenye tope akienda chooni, akavunjika mkono. Kesho yake mzee alitoa masanduku kumi ya mwisho, yaliyokuwa karibu na mlango, akayazika mawe yake njiani kwa kukingama ili mguu upate pa kukita. Masanduku matupu aliyapigilia misumari. Hakuiba, alijiambia, alihamisha tu. Sasa alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na mtu anayefukuzwa kwa wizi hastaafu.

Historia ya mawe yale aliijua kwa moyo, maana kila mtaalamu wa kampuni ya zamani alimsimulia ileile. Sakafu ya bahari ilizama chini ya bara, ikashuka na maji yake. Huko chini joto liliyakamua maji, nayo yakaiyeyusha miamba ya juu yake. Uji ule wa moto ukapanda, ukakwama kilomita chache kabla ya kufika, ukaanza kupoa. Ulipopoa ulitema maji ya moto yenye chumvi na shaba, yakapasua miamba, na shaba ikabaki kwenye nyufa. Ukiwa mbali na kiini mawe ni ya kijani, ukikaribia ni ya kijivu, ukifika ni ya waridi. Mkewe alisema yeye anaelewa pale pa kukwama tu, kwa sababu njia yake nayo ilikwama hatua nne kabla ya choo. Mawe yaliisha.

Mjiolojia alikuwa binti mpole mwenye lenzi shingoni. Alimwamkia, akanywa maji, kisha akaomba aanze na masanduku ya mwisho. Mzee alikuwa ameandaa habari ndefu ya mchwa. Alifungua kinywa, na mchwa wakagoma kutoka.

"Mwanangu," alisema, "yako nje. Nimeyafanya njia ya chooni."

Binti alitoka, akapiga magoti penye mlango wa jikoni, njia ilipoanzia, akang'oa jiwe la kwanza. Chini yake paliandikwa kwa rangi nyekundu kina chake. Akang'oa la pili, la tatu. Kila hatua ilikuwa mita moja ya shimo, bila kuruka hata moja.

"Nani alikwambia uyapange hivi, mzee?"

"Kwani yangepangwa vipi?"

Akaendelea kwa magoti, mzee nyuma yake akiwa ameshika ufunguo tayari kuukabidhi. Jikoni mawe yalikuwa ya kijivu. Penye kamba ya nguo yalianza kuwa ya waridi. Kwenye jiwe la mwisho binti aliinama na lenzi yake kwa muda mrefu mno, kiasi kwamba mke wa mzee, aliyekuwa na haja yake, ilimbidi asubiri. Nyufa za jiwe lile zilijaa shaba.

"Yanayofuata yako wapi?"

"Hayapo. Hapo ndipo walipoacha."

Binti alikaa chini kwenye tope na suruali yake safi. Baadaye aliandika kwenye daftari kwamba sampuli zilitunzwa vizuri sana na mtunza ghala abaki kazini. Ufunguo hakuugusa. Kisha akaomba mawe yote yarudi kwenye masanduku, na kufikia alasiri yalikuwa yamerudi.

Mke wa mzee alisimama mlangoni akilitazama tope. Mzee alikuja akamshika mkono, ule uliowahi kuvunjika, wakaanza kwenda taratibu. Kwa mazoea alihesabu hatua kwa sauti: mia nne na kumi, na kumi na moja, na kumi na mbili. Hapo akasimama.

"Usiniache hapa," mkewe alisema. "Endelea."

"Mia nne na kumi na tatu," alisema mzee.