Ushuhuda wa Vidole vya Kinya

Kaari wa Kaaga ni mama wa wasiwasi. Kinya akipiga chafya, Kaari anachemsha maji. Akikohoa, anaita mchungaji. Sasa fikiria siku binti huyo wa miaka ishirini na moja alipoamka vidole vimefura kama ndizi mbivu, na Daktari Njura wa kliniki akasema ni baridi yabisi, ile inayoshika hata vijana. Kaari hakula siku mbili. Vidole hivyo ndivyo vilivyolisha nyumba. Kinya alikuwa akifuma masweta ya shule kwa mashine, na Kaaga shule ni nyingi kuliko maduka.

Daktari aliandika vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. "Ukipata nafuu, usiache," alisema. Mwezi wa tatu Kinya akafunga vifungo vya blauzi mwenyewe, akarudi kwenye mashine.

Ndipo akaja Mutwiri. Mpaka mwaka juzi alikuwa akiuza chumvi ya ng'ombe katika duka la agroveti. Sasa anaitwa Dakta, na aliyempa huo udaktari mpaka leo hajajitokeza. Aliingia mkutano wa akina mama baada ya ibada, koti jeupe mwilini na picha ya goti lililopasuliwa mkononi.

"Mnaona huu utando wa ndani, akina mama? Umefumwa kwa nyuzi za kolajeni. Nyuzi zikiisha, kiungo kinalia. Sweta ikitoboka mnafanya nini?"

"Tunatia uzi!" wakajibu kama watoto wa nasari.

"Basi uzi ndio huu." Akainua mkebe wa unga. "Lakini usichanganye na vidonge vya hospitali. Vinakausha kolajeni."

Kaari alielewa kila neno. Si nyumbani kwake ni masweta tu asubuhi hadi jioni? Jioni hiyo vidonge vikaingia chini ya godoro, unga ukaingia kwenye uji.

Wiki mbili Kinya alikuwa mzima, maana nguvu ya vidonge ilikuwa bado mwilini. Hilo Kaari hakulijua, wala hakuuliza. Jumapili akasimama mbele ya kanisa.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mwanangu amepona kabisa! Si kwa vidonge, ni kwa unga wa Dakta Mutwiri!"

Vigelegele vikatikisa mabati. Akina mama watano wakanunua siku hiyo hiyo, akiwemo jirani yao Susan, mwenye mama mkwe anayemeza vidonge vya magoti. Na katika kanisa lile ushuhuda ukishatoka hauna kurudi. Anayeurudisha ni kama aliyetia mkono kwenye kikapu cha sadaka akatoa noti yake.

Wiki ya tano vidole vikafura tena, mara hii na moto ndani yake.

"Mami, nirudie vidonge."

"Na kanisa nitaliambia nini? Ngoja kidogo, unga unafanya kazi chini kwa chini."

"Mami, wewe ndiye umepona. Mimi bado."

Kaari alisikia, akaenda kununua glavu za sufu. Kinya akaenda kanisani amezivaa, na jua la Januari liko juu kama nini. Mlangoni Susan akamshika mkono kwa furaha: "Kumbe mtoto wa miujiza ndiye huyu!" Kinya akapiga yowe, kwaya ikanyamaza.

Jumatatu walikuwa kliniki. Daktari Njura alimvua Kinya glavu polepole, akamgeukia mama.

"Mama Kinya, nani alikwambia nyuzi zimeisha? Utando wa kiungo kizima ni mwembamba, nyuzi zake zimepangwa vizuri, unatoa maji ya kulainisha. Wa Kinya umevimba, umenenepa, unatafuna mfupa laini ulio karibu. Ni mashine iliyoharibika, inafuma ovyo bila kusimama. Na wewe unaniletea uzi."

"Kwa hivyo unga ndio umemuumiza?"

"Unga tumbo limeusaga kama maharagwe. Haujafika hata kwenye kidole. Kilichomuumiza ni kuacha vidonge. Ndivyo vilivyokuwa vimeshika mashine mkono."

Vidole vinane vitarudi, alisema. Viwili vya mkono wa kulia vimeshapinda, havitanyooka.

Jumapili iliyofuata Kaari alisimama tena. Mutwiri alikuwa kiti cha mbele, anatabasamu, mikebe imepangwa miguuni pake.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Nilidanganya. Mwanangu hakupona. Nilitoa ushuhuda wa vidole ambavyo si vyangu, kisha nikavificha ndani ya glavu ili nisione aibu."

Hakuna aliyesema amina. Mutwiri akaruka: "Wapendwa, tukemee roho ya mashaka!"

"Kemea hii kwanza, Dakta," Kinya akasema kutoka nyuma, akainua mkono wa kulia bila glavu.

Susan akauliza polepole, "Sasa mimi na mikebe yangu mitatu nifanye nini?"

"Tia kwenye uji," Kaari akajibu. "Lakini leo, ukifika nyumbani, mrudishie mama mkwe vidonge vyake."

Siku hizi Kinya anafuma kwa vidole vinane, na sweta moja inamchukua siku mbili. Mutwiri amehamia Nchiru, nasikia anauza dawa ya macho. Ana picha mpya ya jicho lililopasuliwa. Koti ni lile lile.