Mlinde wa Kupanda Mbele ya Baa

Upepo ulipouangusha mlinde, ule mti mkongwe wa kivuli uliosimama mbele ya baa ya kijiji, Bi Zenzi mwenye baa alilia hadharani. Meya Gundolf yeye alipiga moyo konde haraka mno: kesho yake gari lake jeupe lilikuwa limeegeshwa palepale, kwenye nafasi ya meza za Bi Zenzi. Halikuondoka tena. Majira ya joto yote wateja walihamia kijiji jirani kunywea nje, na Bi Zenzi akabaki akifuta vumbi. Alizitaka meza zake kabla hajafa, na ujana ulishampita zamani.

Baraza lilikutana ndani ya baa hiyohiyo kuchagua mti mpya. Ottmar, mwenye kitalu cha miti, akabwaga matawi mezani katikati ya soseji.

"Huu mlinde wa majani madogo. Mpole, unanukia, hauna makuu. Huu wa fedha, jani jeupe kwa chini, unavumilia ukame na haudondoshi kitu. Na huu wa majani mapana ni ndugu wa marehemu. Kivuli chake balaa, ila vidukari, wale wadudu wa majani, wanaupenda kufa. Wanakunya sukari kutwa nzima."

"Wa fedha!" meya akadakia. "Msafi, wa kisasa. Magari yatakaa chini yake bila shida."

"Magari yapi, mheshimiwa?" Bi Zenzi akauliza huku akimjazia bia. "Au lile moja?"

Watu wakaangua kicheko.

"Ottmar mwanangu," Bi Zenzi akaendelea, "huo wa majani mapana ukilidondoshea gari, inakuwaje?"

"Mama, usiulize. Linanata lote, halafu linaota ukungu mweusi. Unaosha asubuhi, jioni kazi ni ileile."

"Na bia je?"

Ottmar alichukua kile kikadi cha kuwekea glasi, akaifunika bia yake isidondokewe, kama baba zao wote walivyofanya chini ya mti ule. Jirani yake akafunika yake. Kikadi kikafuata kikadi, mpaka ikabaki wazi glasi moja tu, ya meya.

"Ndiyo kura hiyo?" meya akafoka. "Zenzi, acha vituko! Mti huo ukija kutoa kivuli, wewe utakuwa umeshaoza kaburini!"

Neno hilo lilimchoma Bi Zenzi, kwa sababu lilikuwa kweli. Aliondoa sahani moja, akarudi.

"Kivuli nawaachia wajukuu zenu," akasema. "Vidukari wanaanza kazi mwakani."