Matone Kwenye Kifuniko

Mama Tome alifunua bakuli la supu, akaniletea kifuniko karibu na macho. "Ona matone, Iwakichi. Kifuniko kikitoa jasho, aliye safarini yuko hai."

Bakuli lile lilikuwa kwenye sinia ya mwanawe Senzo: wali, supu, figili ya chumvi. Kila asubuhi alimwandalia mahali pake kana kwamba yuko nyumbani. Senzo alikuwa amekufa siku arobaini nyuma, na mimi nilijua.

Tulikuwa wachochea makaa katika Hatsuume Maru, meli ya kubeba pamba na maharagwe. Jeshi likaichukua, likapigilia vitanda vya mbao tumboni mwake, vimepangana kama rafu za viwavi wa hariri, likashindilia humo askari elfu mbili kwa ngazi moja. Nahodha aliomba ngazi zaidi. Meja akamjibu, "Mbao ni za vitanda." Mpaka leo nikikumbuka jibu lile damu inanichemka. Kombora la nyambizi lilitupiga mchana kweupe. Senzo alishuka kuwasukuma watu juu, ngazi ikakatika.

Tuliookoka tulifungiwa wiki tatu, tukalazimishwa kutia dole gumba kwenye karatasi: atakayeitaja meli ile atajua mwenyewe. Mashenzi wale! Aibu yao, siri tukabebeshwa sisi.

"Ulimwacha hajambo?" aliuliza Mama Tome.

"Hajambo, mama."

"Mvivu wa kuandika yule!" Akacheka, na hapo nikaona mifupa ya shingo yake. Wali ule ulikuwa mgao wake mwenyewe. Alikuwa akilala na njaa ili sinia ijae.

"Kula wewe, mama."

"Nile chakula cha mwanangu? Una wazimu?"

"Senzo amekufa. Meli ilizama."

Akashusha kifuniko. "Si umesema hajambo?"

"Walinikataza kusema."

"Nawe ukakatazika! Unakaa kwangu, unakunywa chai yangu!"

Akainuka, akatoka pekupeku. Mtaa mzima ulikuwa na vijana katika meli ile. "Kinu! Mama Haruji!" aliwapazia sauti majirani. "Meli imezama! Acheni kuwapiki—"

Nilimdaka langoni, nikihofia askari watamsikia, nikamziba mdomo kwa mkono huu. Alinipiga viwiko, akaniuma, sikumwachia mpaka akalegea.

Barabarani hapakuwa na askari hata mmoja.