Sombe ya Mama Mkwe

Nyinyi mnaosema Fizi walituzidi mpira, nyamazeni kidogo. Mara mbili walitufunga, ndiyo, lakini walitufunga tukiwa tumeshiba, na aliyetushibisha alikuwa mama mkwe wangu.

Mke wangu Constance ni wa Fizi. Kila timu yetu ya mji wa Baraka ilipopanda kule kwa lori la pamba, mimi nikiwa kapiteni, mama yake alikuwa ameshatupikia: bugali ya mihogo, sombe, yaani kisamvu, yenye mawese, nyama ya mbuzi. Na kwetu chakula cha mama mkwe hakirudishwi. Ukikirudisha umemtukana, na binti yake anaweza kuitwa arudi kwao. Basi tulikula. Kipindi cha kwanza tulicheza, cha pili tulitembea. Fabien, shemeji yangu mwenyewe, ndiye aliyetufunga, kisha akanipigapiga tumbo mbele ya watu.

Safari ya tatu, humo humo ndani ya lori, golikipa wetu Albert alinikazia macho.

"Isidore, leo hatutakula kwa mukwe wako. Mukikula, mi nashuka, narudia Baraka."

"Na bakiita bibi yangu Constance? Iko na mimba."

"Iyo ni mambo ya nyumba yako."

Nilimchukia Albert siku ile, kwa sababu alisema kweli.

Tulikuta masufuria yanafuka mvuke. Mama mkwe hatuongei naye uso kwa uso, kwa hiyo nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko.

"Mama, unisamehe. Tutakula kisha ya mupira."

Nilisikia tu mfuniko ukirudishwa juu ya sufuria. Niliingia uwanjani na njaa na hofu, na hofu ndiyo iliyoniuma zaidi.

Fabien alifunga mapema. Nikajisemea, haya, leo nimekosa mpira na mke pamoja. Lakini baada ya mapumziko Fabien akaanza kushika kiuno, na beki wao mmoja anapiga mbweu kila akiinama. Sisi matumbo matupu tulikimbia kama watu wanaofukuza mwizi. Tulisawazisha. Mwishoni nikafunga mimi, kwa goti, vibaya sana, lakini bao ni bao.

Wenzangu wakaimba. Mimi nikarudi nyuma ya ukuta ule ule.

"Mama, ni mimi."

"Muite benzako. Nimepika ingine, iko moto."

"Na ile ya kwanza?"

"Fabien alipita hapa na benzake, anakucheka. Nikamuambia, chakula ya mukwe wangu haitamwangika, mukule nyinyi. Bakamaliza yote, kisha bakaenda kucheza."

Sikujua nicheke au nilie. Yeye akashusha sauti.

"Bamama ba hapa banasemaka nilikushibisha kusudi, mutoto wangu Fabien ashinde. Maneno ikafika mpaka kwa Constance. Akatuma kuniuliza kama nachukia bwana yake. Niliogopa hataleta tena miguu yake hapa, na ile ni mimba yake ya kwanza."

Kumbe tuliogopana. Mimi nilidhani atamchukua binti yake, yeye alidhani nitamnyima binti huyo. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

"Umulete azalie kwangu," alisema.

"Nitamuleta, mama."