Maua ya Kona ya Chini

Nasike alipiga magoti kwenye matope na kubana pumzi. Ua lililokuwa mbele yake lilikuwa jekundu, la mviringo kama mpira, limechomoza ardhini baada ya mvua bila hata jani moja. Mengine mia mbili hivi yalikuwa yametapakaa kona yote ya chini ya bustani. Kwa miaka sita, kila Aprili, mwalimu huyu wa bayolojia alitoka Kitengela kuja kuyapiga picha katika bustani hii ya umma nje ya mji wa Kajiado. Yalikaa siku chache tu, kisha yakanyauka.

Leo hakuja kujifurahisha. Alfajiri, Sironka, mtunza bustani, alikuwa amempigia simu.

"Mwalimu, kuja haraka. Kamati ya bustani inakaa saa nne. Mwenyekiti anataka kona ya chini ipewe mtu ajenge petroli stesheni. Anasema huko ni nyasi tu. Na ameita watu wafyeke kabla wanakamati wengine hawajaona."

Nasike alipofika, Sironka alikimbia kuwatafuta wanakamati. Sasa Nasike alikuwa peke yake, na slasha za kufyekea nyasi zilikuwa zinakaribia. Wanaume wanne walifyeka kutoka upande wa uzio wa seng'enge, na vichwa vyekundu viliruka hewani pamoja na nyasi. Alirudi nyuma hatua mbili ili picha zishike pia geti na kilima, mtu asije akasema ni mahali pengine. Alipiga kwa haraka. Picha tatu za kwanza zilitoka na ukungu.

"Madam, toka hapo!" Msimamizi wao, Wanyoike, alimjia mbio. "Hakuna kupiga picha hapa."

"Hii ni bustani ya umma."

"Mimi nimeambiwa saa tatu na nusu pawe safi."

Wanyoike aliivuta kamera kwa mkanda wake. Ikaanguka, ikagonga jiwe. Akaiokota na kuitia ndani ya koti lake. "Utaichukua getini ukienda."

Nasike hakwenda. Aliketi palepale katikati ya maua.

Mfyekaji aliyekuwa karibu alisimama hatua moja kutoka miguuni pake. "Mama, songa. Nitakukata."

"Sisongi."

"Niko na watoto, mama. Nahitaji hii kazi."

"Najua. Lakini angalia unachokata."

Mtu yule akatazama chini. Kisha akaiweka slasha yake kwenye nyasi. "Bosi, mimi siwezi."

Wanyoike akaiokota mwenyewe. Alikata ua lililokuwa karibu na kiatu cha kushoto cha Nasike, kisha la kulia. Nasike alisikia upepo wa chuma shavuni. Akafumba macho.

"Wanyoike! Weka hiyo chini!"

Alikuwa Mama Jane Nasieku, mwanakamati, shuka limelowa, viatu vikizama matopeni, na Sironka na wanakamati wengine wawili nyuma yake. Alitazama wekundu ule kwa muda.

"Nani alisema hapa ni nyasi?"

"Picha ziko kwenye kamera yangu, anayo kotini," Nasike akasema. Mama Jane akanyoosha mkono, na Wanyoike akaitoa. Lenzi ilikuwa imepasuka, lakini picha zilikuwamo, na geti lilionekana.

Kikao kilichukua mchana kutwa, mwenyekiti akibisha. Mwishowe wakakubaliana kona isiguswe mpaka wataalamu wa mimea waikague. Haukuwa ushindi kamili. Nasike alikunywa chai aliyoandaliwa na Sironka.

Alipotoka, mfyekaji yule alikuwa ameketi nje ya geti. Wanyoike alikuwa amemfukuza kazi.  Nasike akaketi kando yake.

"Unaitwa nani?"

"Obonyo," akasema, akasogea kidogo kumpa nafasi.